Barua ya wazi kwa wakuu wa taasisi: tahadhari ya mfumo imfikie mwenye kuishughulikia

Kwa: Wakurugenzi na wakuu wa idara za TEHAMA katika benki, hospitali, vyuo na taasisi za umma, Tanzania na Kenya



YAH: KUZIPELEKA TAHADHARI ZA MIFUMO KWA WAHUSIKA

Tahadhari ya mfumo ni ujumbe unaotolewa na programu ya ufuatiliaji pale inapoona jambo limeharibika au liko njiani kuharibika: diski inajaa, seva haijibu, cheti cha usalama cha tovuti kinakaribia kuisha muda, nakala rudufu ya usiku haikukamilika, malipo yanakwama. Kazi ya ujumbe huo ni kumfanya mtu mwenye uwezo wa kurekebisha aanze kurekebisha kabla mwananchi aliyeko dirishani hajaambiwa "mfumo uko chini, rudi kesho." Ujumbe usiomfikia mtu huyo haujafanya kazi yoyote, hata kama ulitoka kwa wakati na uliandikwa kwa usahihi.

Katika taasisi nyingi za ukanda huu tahadhari zinatoka, tena kwa wingi, lakini hazina pa kufikia. Nyingine huingia kwenye anwani ya barua pepe ya idara ambayo hakuna aliyepangiwa kuifungua. Nyingine huangukia grupu la WhatsApp lenye watu kadhaa, katikati ya salamu za Jumatatu na tangazo la harusi. Nyingine bado huenda kwa mtaalamu aliyekwisha kuacha kazi, ambaye jina lake halikuondolewa kwenye orodha. Huduma inapokatika, kikao cha asubuhi huuliza kwa nini mfumo haukutoa taarifa, na rekodi zikifunguliwa taarifa inakutwa humo, na saa yake.

Barua hii inawaelekea wakuu kwa sababu uwezo wa kiufundi upo siku nyingi. Nagios, programu ya ufuatiliaji ambayo chimbuko lake ni mwaka 1999, ina makundi ya wahusika, ratiba za zamu na utaratibu wa kuupandisha ujumbe ngazi ya juu usipojibiwa. Zabbix inayo hayo pia. Alertmanager, inayotumika pamoja na Prometheus, inapanga njia za ujumbe kulingana na mfumo ulioguswa, uzito wa tatizo na saa lilipotokea. Zote hupatikana bila ada ya leseni. Kinachokosekana ni jina la mhusika, mamlaka yake na fedha za zamu, na hayo huamuliwa mezani kwa mkurugenzi. Mhandisi hawezi kuyaandika kwenye seva kama hayajaamuliwa.

1. Ujumbe uliotumwa kwa watu wote hauna mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Tarehe 8 Machi 2017 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na usalama wa kompyuta ilitoa onyo kuhusu udhaifu mkubwa katika Apache Struts, programu inayotumika kuendeshea tovuti. Kesho yake onyo hilo lilisambazwa ndani ya kampuni kwa barua pepe kwa watu zaidi ya 400, likiwa na agizo kwamba kila mwenye programu hiyo aizibe ndani ya saa 48. Kwa kipimo cha kutuma, kazi ilifanyika upesi na vizuri.

Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2019, inaeleza kilichofuata. Mtaalamu aliyejua kwamba Struts ilikuwa ikitumika kwenye tovuti ya zamani ya malalamiko ya wateja hakuwamo katika orodha hiyo ndefu. Msimamizi wake alikuwamo, akaipokea barua, hakumpelekea. Udhaifu ukabaki wazi. Wavamizi waliingia mwezi Mei, wakakaa ndani hadi mwisho wa Julai, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa.

Watu zaidi ya 400 walipata ujumbe na yule mmoja aliyehitajika hakuupata. Orodha ndefu humpa anayetuma utulivu wa moyo kwamba ametimiza wajibu wake, na humpa kila anayepokea sababu ya kudhani mwenzake analishughulikia. Kinachoombwa ni rejesta: kila mfumo wa taasisi uandikiwe timu inayoumiliki, na ndani ya timu hiyo ajulikane mtu wa zamu kwa kila saa ya juma. Kwa kazi ya kurekebisha, tahadhari iende kwake peke yake. Asipojibu ndani ya dakika 15, iende kwa msaidizi wake. Naye asipojibu, kwa mkuu wa kitengo. Grupu la watu wote libaki kwa habari za kujua tu. Rejesta hiyo iguswe na ofisi ya rasilimali watu kila mtumishi anapohama, anapopanda cheo au anapostaafu, kama vile ufunguo wa ofisi unavyorudishwa, kwa kuwa anwani iliyokufa haitoi kelele. Inapokea kimya kimya.

2. Fundi akishaitwa, mwenye huduma naye aambiwe.

Hili ndilo linalosahaulika zaidi, hata katika taasisi zilizokwisha kupanga zamu. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario nchini Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakabaki bila umeme. Kikosi kazi cha serikali za nchi hizo mbili kilichunguza, na ripoti yake ya Aprili 2004 inafuata matukio dakika kwa dakika.

Saa 8:14 mchana programu ya ving'ora katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya FirstEnergy, Ohio, iliacha kufanya kazi bila kutoa ishara yoyote. Saa 8:41 seva iliyobeba programu hiyo ilianguka, na mfumo wenyewe ukawaita mafundi wa kompyuta kwa peja. Wito ulifika kwa watu sahihi nao wakaanza kazi. Saa 8:54 seva ya akiba nayo ilianguka. Mafundi wakaiwasha upya ile ya kwanza, na ilipofika saa 9:08 wakaamini tatizo limekwisha. Hawakuwauliza waendeshaji wa gridi wa kampuni hiyo hiyo kama ving'ora vimerudi. Wala waendeshaji hawakuwa wameambiwa kwamba vilikufa. Kwa zaidi ya saa nzima waliitazama mitambo iliyonyamaza wakadhani ukimya ule ni usalama, huku laini kubwa za umeme zikigusa miti iliyoachwa ikarefuka chini yake na kukatika moja baada ya nyingine. Baada ya saa 10 alasiri gridi iliporomoka.

Kwa hiyo tahadhari moja ina wapokeaji wa aina mbili wenye kazi tofauti. Fundi anarekebisha. Mwenye huduma anaamua huduma iendeleeje wakati fundi anarekebisha. Mfumo wa hospitali ukisimama saa 9 usiku, mtaalamu wa TEHAMA aitwe, na dakika hiyo hiyo muuguzi kiongozi wa zamu ajue, ili mafaili ya karatasi yatolewe kabatini, maabara ipokee vipimo kwa fomu, na mgonjwa wa dharura asisubirishwe kwa sababu namba ya malipo haitoki. Benki ikikosa mawasiliano na mtandao wa malipo, kitengo cha huduma kwa wateja kiambiwe kabla simu hazijaanza kumiminika. Chuo kikipoteza mfumo wa usajili siku ya mwisho ya kujisajili, msajili ndiye mwenye mamlaka ya kuongeza muda, fundi hana. Haivumiliki kwamba katika taasisi nyingi hawa wa pili hupata habari kutoka kwa wananchi wenye hasira, wakati mfumo ulikwisha kusema saa moja kabla.

Ombi hapa ni kuongeza safu moja tu kwenye rejesta: jina na simu ya mwenye huduma, upande wa kazi yenyewe. Na kanuni ya kufunga tahadhari iwe hivi: fundi haifungi mpaka mwenye huduma athibitishe kwa kauli yake kwamba huduma imerudi.

3. Tahadhari zikizidi, hakuna inayosomwa.

Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka tarehe 24 Julai 1994. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko waendeshaji wawili walipigiwa ving'ora 275. Hakuna binadamu anayeweza kusoma, kuelewa na kutenda kwa mwendo huo. Wataalamu wa viwanda walijifunza hapo kwamba king'ora cha kupita kiasi kina madhara sawa na king'ora kisichokuwapo, na somo hilo bado halijafika katika vyumba vingi vya seva.

Kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani iliadhirika kwa namna ya kimya zaidi. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, kuanzia saa 2:01, mfumo wake ulituma barua pepe 97 kwa kundi la watumishi, zikitaja sehemu yenye hitilafu. Soko la New York hufunguliwa saa 3:30, maana yake kulikuwa na karibu saa moja na nusu ya kuchukua hatua. Lakini barua hizo hazikuwa zimepangwa kuwa tahadhari, na watumishi kwa kawaida hawakuwa wakizisoma zinapofika. Soko lilipofunguliwa mfumo ukaanza kununua na kuuza bila mpangilio, na katika dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 12 mwaka uliofuata, na kampuni yenyewe ikaishia kuunganishwa na nyingine.

Dawa ya wingi ni kuchuja kabla ya kutuma. Programu zilizotajwa juu hukusanya tahadhari zinazofanana kuwa ujumbe mmoja, na huweza kuzuia zile za matokeo wakati chanzo kinajulikana: swichi ya mtandao ya tawi ikifa, mtu wa zamu anahitaji kuambiwa kwamba swichi imekufa, na si kutumiwa ujumbe mmoja kwa kila kompyuta ya tawi. Vilevile uzito hupimwa kwa mwendo wa tatizo. Diski iliyofikia asilimia 91 na kuongezeka asilimia moja kwa wiki ni kazi ya saa za ofisi. Diski hiyo hiyo ikiongezeka asilimia moja kila dakika 10, itajaa kabisa baada ya dakika 90, na hapo mtu aamshwe.

Maneno ya tahadhari nayo yana uzito. Ujumbe unaosema "db-02 diski 91" humwachia aliyeamshwa kazi ya kutafuta maana. Ujumbe unaofaa ungesomeka hivi: "Malipo ya hospitali hayapiti tangu saa 8:12 usiku. Maombi yanatoka kwenye mfumo wetu lakini lango la malipo halijibu. Anza na hatua ya 1 ya mwongozo wa malipo. Mwenye huduma: mhasibu wa zamu, ameshaarifiwa." Sentensi nne, na mtu aliyetoka usingizini anajua nini kimetokea, tangu lini, aanzie wapi na nani mwingine anajua. Kuandika hivyo huchukua muda wa wahandisi, na muda huo utengwe rasmi katika mpango kazi wa mwaka. Tahadhari ambayo mpokeaji hana la kuifanyia iondolewe kwenye simu ibaki kwenye kumbukumbu.

4. Njia ya tahadhari isianguke pamoja na kile inachokilinda.

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata kuu. Walipoiendea nakala rudufu ya kila siku hawakuikuta, kwani programu ya kuitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa kutolingana toleo na hifadhidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa na seva ya kupokelea barua kwa kukosa uthibitisho wa DMARC, utaratibu unaozuia barua za kughushi. Data ya saa zipatazo sita ilipotea. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, jambo la kupongezwa.

Kwa ukanda huu onyo liko karibu zaidi. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, na taasisi yenye grupu la WhatsApp kama njia pekee ya tahadhari ilikuwa kipofu kwa muda wote huo. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Tahadhari inayolazimika kwenda ng'ambo na kurudi ndipo imfikie fundi aliyeko Kinondoni haiwezi kutegemewa siku kama hiyo. Modemu ndogo yenye laini ya simu, iliyochomekwa kwenye seva ya ufuatiliaji, hutuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa ndani bila kuhitaji intaneti. Iwepo, na pembeni yake iwepo laini ya kampuni nyingine ya simu. Kila siku saa moja asubuhi mfumo utume ujumbe wa majaribio kwa mtu wa zamu. Usipofika, hilo lenyewe lichukuliwe kuwa hitilafu.

5. Mtu wa zamu apewe posho, ruhusa na usingizi.

Mhandisi kijana huambiwa awe macho usiku na siku za sikukuu, kwa simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe, bila posho. Akiamshwa saa 8 usiku akakuta seva inahitaji kuwashwa upya, nywila iko kwa mkuu ambaye simu yake imezimwa. Na akithubutu kuiwasha kwa njia nyingine, asubuhi anaandikiwa barua ya kujieleza. Kesho yake anatakiwa kazini saa 2 kamili kama kawaida. Mtu huyo hatimaye hunyamazisha simu, na ni vigumu kumlaumu.

Madaktari na wauguzi wana utaratibu wa kuitwa kazini, na posho yake inafahamika. Wanaolinda mifumo ambayo hospitali hizo hizo zinaitegemea wanastahili utaratibu wa namna hiyo, uliopitishwa na bodi na kuingizwa kwenye bajeti. Wapewe pia barua ya mamlaka inayotaja hatua wanazoweza kuchukua usiku bila kuomba kibali: kuwasha upya, kuhamishia seva ya akiba, kufunga akaunti inayotiliwa shaka. Wahandisi wa Google, katika kitabu chao cha mwaka 2016 kuhusu uendeshaji wa mifumo, waliweka ukomo wa matukio mawili kwa zamu ya saa 12, wakiamini kwamba zaidi ya hapo hakuna tukio litakaloshughulikiwa kikamilifu. Taasisi ndogo yenye wataalamu watatu haiwezi kuiga kila kitu, lakini inaweza kupanga zamu ya wiki kwa wiki na kumpa aliyekesha nusu siku ya kupumzika.

6. Mkandarasi asiwe wa kwanza na wa mwisho kujua.

Mifumo mingi hununuliwa pamoja na mkataba wa matengenezo, na tahadhari zake huelekezwa kwa mkandarasi, mara nyingine nje ya nchi. Taasisi inabaki kusikia kwa hisani. Mikataba ijayo iwe na kifungu kinachotaka nakala ya kila tahadhari nzito imfikie mtu wa zamu wa taasisi kwa wakati ule ule, na kinachomlazimu mkandarasi kutaja jina la atakayeishughulikia na saa aliyoipokea. Mikataba iliyopo ifanyiwe marekebisho inapohuishwa.

7. Sheria imekwisha kuanza kuhesabu saa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka mdhibiti wa data amtaarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kufahamu kwamba taarifa za watu zimevuja na kuna hatari ya madhara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Taasisi ambayo tahadhari ya uvamizi imelala wiki tatu kwenye sanduku la barua la mtumishi aliyehama itakuwa na wakati mgumu kueleza ilifahamu lini. Tahadhari za usalama kwa hiyo ziwe na njia yake ya pekee: ziende kwa mtaalamu wa usalama na kwa afisa wa ulinzi wa taarifa kwa pamoja, na kila hatua iandikwe saa yake.

8. Bodi iulize kila robo mwaka.

Taarifa za TEHAMA zinazofika kwenye bodi hueleza miradi, manunuzi na asilimia ya muda ambao mifumo ilikuwa hewani. Ziongezwe takwimu nne: tahadhari zilizomwamsha mtu katika robo hiyo, ngapi kati yake zilihitaji hatua kweli, dakika zilizopita tangu kila moja itoke hadi mtu aseme "nimeipokea", na matukio ambayo mwananchi aliyajua kabla ya taasisi. Hiyo ya nne ndiyo yenye aibu na ndiyo yenye faida. Rejesta ya mifumo na wahusika wake inaweza kukamilika ndani ya siku 30 katika taasisi ya ukubwa wa kawaida; posho na barua za mamlaka ziingie katika bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Jaribio la kwanza lifanyike usiku, bila kutangazwa, kwa tahadhari ya majaribio kwenye mfumo mmoja ambao wananchi wanautegemea, na mkurugenzi mwenyewe awe kwenye ngazi ya mwisho ya kupigiwa simu.